KUANZA KUFUGA NDAMA WACHACHE KATIKA SHAMBA DOGO
Maelezo kwa wakulima wa Nanganga, Masasi na Newala

Mkulima mwenye eka chache za mikorosho, muhogo na mbaazi aweza kufuga ndama wawili au watatu na kupata faida, ikiwa atatangulia kutengeneza mambo yao kabla hawajafika nyumbani. Lakini mkulima anayenunua ndama kwanza na kufikiri baadaye, mara nyingi huzika fedha yake pamoja na mzoga. Ndama si kuku. Bei yake ni kubwa, na kwa nyumba nyingi fedha hiyo ndiyo akiba ya msimu mzima wa korosho. Kwa hiyo yafaa kila mtu asome maneno haya polepole, ayazungumze na mkewe na watoto wake, maana wao pia ndio watakaochota maji na kukata majani.

KWA NINI NG'OMBE WALIKUWA WACHACHE KATIKA NCHI HII

Watu wengine husema kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao si wafugaji wa ng'ombe, na kwamba kazi hiyo ni ya makabila mengine. Maneno hayo si ya kweli. Sababu haimo katika kabila, imo katika nchi yenyewe, nayo ina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kiu. Uwanda wa juu wa Wamakonde, ambao Newala iko kwenye ukingo wake wa magharibi, una udongo wa mchanga unaonywa mvua yote. Hapana mito juu yake. Mdachi mmoja, Karl Weule, aliyetembea katika nchi hii mwaka 1906, aliona jinsi wenyeji walivyokaa juu na kushuka mbali mabondeni kutafuta maji. Katika miaka ya 1950 kulianzishwa kazi kubwa ya kupandisha maji kwa mashine na kuyapeleka vijijini kwa mabomba, na kazi hiyo imepunguza taabu; lakini hata leo maji ya juu ni mali, na ndama hawezi kuishi kwa matumaini.

Sehemu ya pili ni mbung'o. Chini, katika bonde la Lukuledi, karibu na Nanganga na Ndanda, na kusini kuelekea Ruvuma, maji hupatikana kwa urahisi zaidi. Lakini penye vichaka vizito na wanyama wa porini, ndipo mbung'o hupenda kukaa. Nzi huyu hufyonza damu mchana, naye huchukua vijidudu vya nagana kutoka kwa mnyama mmoja na kuvitia katika mwingine.

Basi mkulima wa juu hushindana zaidi na kiu, na mkulima wa bondeni hushindana zaidi na mbung'o. Kila mmoja ajue adui wa mahali pake, kwa maana dawa ya mmoja haimfai mwenziwe. Kabla ya kununua ndama, muulize Bwana Mifugo wa kata yako kama mbung'o wamo katika upande wako, na wanyama gani waliugua mwaka uliopita.

Siku hizi ng'ombe si wageni tena. Tangu mwaka 2006, wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu, ng'ombe wengi wameletwa katika mkoa wa Lindi, na ndama wa kununua wapo karibu kuliko zamani. Hiyo ni nafasi njema kwa mwenye shamba dogo, lakini pia ni onyo, kwa kuwa mnyama aliyesafiri mbali huweza kuja na kupe na maradhi ya huko alikotoka.

WAKATI WA KUANZA

Fedha ya korosho hufika mikononi mwa watu kati ya mwezi wa Oktoba na Desemba. Huo ndio wakati ambao mtu hushawishika kununua ndama siku ile ile. Lakini mwezi wa Oktoba na Novemba nchi ni kavu, majani yameungua kwa moto wa porini, na ndama aliyefika wakati huo hula matumaini tu. Mpango ulio bora ni huu:

Kwanza, katika kiangazi, jenga banda na kutengeneza mahali pa maji.

Pili, nunua ndama mwezi wa Januari, mvua ikiwa imeshika na majani mabichi yametoka. Hivyo mnyama atapata miezi minne ya kula vizuri na kupata nguvu kabla ya kiangazi chake cha kwanza.

Tatu, mwezi wa Aprili na Mei kata majani na kuyakausha, yawe akiba ya miezi ya njaa.

Mtu asiyeweza kufanya jambo la kwanza na la tatu asifanye la pili. Ni afadhali kungoja mwaka mmoja kuliko kupoteza mali.

KUCHAGUA NDAMA

Anayeanza asinunue ndama anayenyonya. Ndama mchanga aliyetengwa na mama yake ni mgonjwa wa kesho. Nunua ndama aliyekwisha kuachishwa maziwa, mwenye umri wa miezi minane hadi mwaka mmoja, ambaye umemwona kwa macho yako akila majani na kunywa maji.

Wa kwanza wawe wawili, wala wasizidi watatu. Mmoja peke yake huhangaika na kukonda, kwa sababu ng'ombe hupenda kuwa na mwenzake. Na wanne huzidi nguvu za nyumba ambayo haijazoea.

Chagua ng'ombe wa kienyeji wenye nundu. Ng'ombe wa kizungu hutoa maziwa mengi, lakini huyo hutaka chakula kingi, maji mengi na ulinzi mkubwa wa maradhi. Haifai kujifunzia kazi juu yake. Ukimaliza miaka miwili au mitatu bila kupoteza mnyama, ndipo ufikiri habari ya ng'ombe wa maziwa aliyechanganywa.

Unapomtazama ndama, angalia haya. Macho yawe maangavu, yasiyotoka machozi. Pua iwe na unyevu. Manyoya yalale, yang'ae. Mkia na mapaja yasiwe na mavi ya kuhara. Tumbo lisiwe kubwa kama ngoma huku mbavu zikihesabika, kwa kuwa hiyo ni dalili ya minyoo. Funua masikio na kutazama ndani yake kama mna kupe. Shika chini ya sikio na mbele ya bega. Ukipata tezi iliyovimba, mwache ndama huyo, hata akiwa wa bei rahisi.

Tena usisahau kibali. Mnyama anayetolewa mahali pamoja kwenda pengine hutakiwa awe na kibali cha kusafirishwa kutoka kwa ofisi ya mifugo. Kibali hicho humlinda mnunuzi asiuziwe mnyama wa wizi, na humlinda jirani asiletewe ugonjwa.

Wakifika nyumbani, wakae peke yao muda wa siku 30, mbali na ng'ombe na mbuzi wa jirani. Siku hizo ndizo zitakazoonyesha ugonjwa uliojificha.

BANDA

Banda la ndama wawili liwe na urefu wa meta 4 na upana wa meta 3. Lijengwe mahali palipoinuka kidogo ili maji ya mvua yasiingie. Ukuta wa upande unaotoka upepo uzibwe. Pande nyingine ziwe na fito zenye nafasi, hewa ipite. Sakafu ishindiliwe kwa udongo mgumu, iinamie upande mmoja, na kutandikwa majani makavu. Ndama anayelala katika matope na mkojo hupata homa ya mapafu na kuhara.

Weka hori la chakula na chombo cha maji juu ya ardhi, ili ndama wasikanyage wala kunya ndani yake.

Fyeka vichaka vyote vilivyo karibu na banda. Mbung'o hupumzika katika kivuli cha vichaka, naye huona taabu kukaa mahali peupe. Miti mikubwa yenye kivuli safi yaweza kubaki, lakini majani ya chini na miiba iondolewe.

HESABU YA MAJI

Ndama wa kilo 100 hadi 150 huhitaji kiasi cha lita 10 hadi 15 za maji kwa siku wakati wa joto. Basi tuhesabu lita 15 kwa kila mmoja. Wawili ni lita 30 kila siku. Kiangazi chetu, tangu Mei hadi mwisho wa Novemba, ni siku 210 hivi. Lita 30 mara siku 210 ni lita 6,300.

Mtu akisikia hesabu hii aweza kuogopa, hasa mama wa nyumbani ambaye ndiye huchota. Lakini tazama bati la nyumba yako. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa lenye meta za mraba 30, likipata mvua ya milimita 800 katika msimu, hupokea lita 24,000. Hata sehemu moja katika tano ikipotea, hubaki lita 19,200. Maji hayo yote humwagika uani na kuchimba makorongo, na miezi mitatu baadaye watu wale wale hununua maji kwa ndoo.

Kwa hiyo, kwa mkulima wa uwandani juu, mfereji wa bati chini ya paa na tangi au kisima cha saruji cha lita 7,000 ndicho kitu cha kwanza kununuliwa, kabla ya ndama. Mfereji wa kisima uwekewe wavu, na kisima kifunikwe vizuri, watoto wasianguke na mbu wasizaliane. Ndama wakiuzwa, tangi hubaki, na watu wa nyumbani huendelea kulitumia.

CHAKULA

Majira ya mvua ndama hula majani ya kondeni. Wafunge kwa kamba ndefu au wachungwe, wasiachwe kuzurura. Ndama mmoja akiingia katika mbaazi za jirani huleta ugomvi wa miaka mingi, na nchi yetu imekwisha kuona magomvi ya wakulima na wafugaji ya kutosha.

Wakati wa kiangazi ndipo akili hutakiwa. Majani yakatwe yanapoanza kutoa maua, maana wakati huo yana nguvu; yakikauka shambani yenyewe, huwa kama makuti, yanashibisha tumbo bila kuujenga mwili. Yakaushe juani siku mbili au tatu, yageuzwe, kisha yawekwe juu ya uchanja uliofunikwa. Kila ndama atahitaji kiasi cha kilo 4 kwa siku tangu Julai hadi Novemba. Kwa ndama wawili, siku 150, ni kilo 1,200. Kama mzigo mmoja wa kichwa ni kilo 20, hiyo ni mizigo 60. Nyumba ikikata mzigo mmoja kila siku katika Aprili na Mei, kazi imekwisha.

Shamba lenyewe hutoa chakula kingi ambacho watu hukichoma moto. Majani ya karanga baada ya kuvuna, maganda na majani ya mbaazi, majani ya kunde, mabua ya mtama na mahindi, yote yakusanywe na kuwekwa pakavu. Majani ya karanga yenye ukungu yatupwe.

Majani ya muhogo ni chakula chenye nguvu sana, lakini yana sumu yakiwa mabichi, hasa ya muhogo mchungu. Yakatekate, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha uyachanganye kidogo kidogo na majani mengine. Maganda ya muhogo nayo yakaushwe kwanza.

Mabibo hupendwa na ng'ombe. Wape machache yakiwa mabichi; yaliyochacha huwalevya na kuharibu tumbo. Yaliyokamuliwa na kukaushwa juani huhifadhika mpaka mwezi wa shida.

Hapa pana onyo kubwa kwa wenye mikorosho. Wakati wa kupuliza salfa au dawa ya wadudu, usifunge ndama chini ya mikorosho wala usikate majani yaliyo chini yake. Salfa nyingi tumboni mwa ng'ombe hudhuru ubongo wake, na dawa za wadudu ni sumu. Ngoja mpaka mvua ioshe majani, au tafuta majani mahali pengine. Mifuko ya dawa isitumiwe kubebea chakula cha mnyama.

Weka jiwe la chumvi ya mifugo ndani ya banda siku zote.

MBUNG'O, KUPE NA MINYOO

Maradhi mengi ya ndama katika nchi hii hutokana na maadui hawa watatu.

Nagana huletwa na mbung'o. Ndama hukonda ingawa anakula, manyoya husimama, machozi hutoka, na ufizi huwa mweupe kwa upungufu wa damu. Iko dawa ya sindano ya kuponya, na iko nyingine ya kukinga kwa miezi kadhaa; zote zitolewe na mjuzi kwa kipimo cha uzito wa mnyama, maana kipimo kidogo hufundisha vijidudu kuishinda dawa. Tena iko dawa ya kumwagiwa mgongoni ambayo huua mbung'o na kupe pia.

Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba Unguja haina mbung'o tena. Ushindi huo ulitokana na dawa, vitambaa vya kuwanasa nzi, na madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa na kuangushwa kwa eropleni. Lakini Unguja ni kisiwa. Nzi wengine hawakuweza kuja. Sisi wa bara tuna mapori makubwa karibu nasi, kwa hiyo ulinzi wa kila nyumba haukomi.

Kupe huleta ndigana kali, ambayo huua ndama wengi kuliko wakubwa. Dalili zake ni homa kali, tezi kuvimba chini ya sikio, kukohoa, na kuhema kwa shida. Joto la mwili la ndama mzima halipiti digrii 39.5, likipita 40, mwite Bwana Mifugo siku ile ile, kwa kuwa dawa ya ndigana husaidia mwanzoni tu. Ogesha au nyunyizia ndama dawa ya kupe kila juma, usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya mapaja. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Iko pia chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970. Ndama aliyechanjwa mara moja hupata kinga ya muda mrefu. Waulize kama inapatikana kwenu, na jirani wakikusanya ndama wao pamoja, gharama hupungua.

Minyoo huzidi katika mvua. Toa dawa ya minyoo mvua zinapoanza na tena zinapokwisha.

Chanjo za kimeta, chambavu na homa ya mapafu zitolewe kwa mpango wa wilaya. Wazee walikumbuka sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote, na silaha iliyoushinda ilikuwa chanjo.

Ndama akihara, usimnyime maji. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, umnyweshe polepole mara nyingi kwa siku. Akihara damu, au akishindwa kusimama, usingoje kesho.

NDAMA ATAKAPOZALIWA NYUMBANI

Ukinunua mitamba, siku moja watazaa. Ndama aliyezaliwa apate dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza, kabla ya saa sita kupita. Ndani yake mna kinga ya mama, na tumbo la ndama haliwezi kuipokea baada ya siku moja. Wengine huyatupa maziwa hayo wakidhani ni machafu. Wanatupa uhai wa ndama. Kitovu kipakwe aidini mara moja. Katika juma la pili awekewe majani laini na maji safi. Na mkamuaji awe na haki: chuchu moja aiache kwa ajili ya ndama, mpaka atakapofika miezi mitatu au zaidi.

FAIDA

Ndama wa kienyeji aliyelishwa vema huongezeka robo ya kilo au zaidi kila siku. Baada ya miaka miwili, dume huwa maksai wa kuvuta jembe na mkokoteni, au huuzwa kwa bei ya nyama.

Lakini faida ya kwanza huja kabla ya hapo, nayo ni samadi. Ndama wawili hutoa kiasi cha kilo 10 za mavi kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilo 3,600 kwa mwaka. Hata nusu yake ikipatikana bandani, udongo wa mchanga wa Newala, ambao huchoka upesi, utaishika mvua vizuri zaidi na kulisha muhogo na mahindi. Changanya na majani ya kulalia, yafunike yasikauke juani, uyatie shambani mvua zikikaribia.

Weka daftari. Andika siku uliyonunua, bei, dawa uliyotoa na tarehe yake, na kila senti iliyotoka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi mkulima anayetaka kuanza mwaka ujao, asitafute ndama sasa. Apime paa lake kwa hatua, ahesabu maji yatakayopatikana, achague mahali pa banda, na amwulize Bwana Mifugo habari ya mbung'o. Hayo manne hayahitaji fedha. Akiyamaliza, atajua mwenyewe kama shamba lake liko tayari kupokea ndama wawili.